Barazani kwa Ami: "Ule mkono ni wa baba, si wake"

Ami, shikamoo. Assalaamu alaykum.

Mie ni kijana wa Pemba, wilaya ya Wete, nina miaka 34, nina mke na mtoto mmoja wa kike. Jina na kijiji naomba visitajwe, kwa sababu huku tunajuana hata kwa mwendo.

Nilipokuwa na miaka 23 tulikwenda watatu usiku kuiba karafuu za mzee mmoja. Ulikuwa msimu mkubwa. Karafuu mbichi zilikuwa zimeanuliwa, na zile zilizokwisha kukauka zimo magunia manne ukumbini. Tulidhani mzee kalala ndani. Kumbe kalala palepale ubavuni mwa magunia, kajifunika shuka. Mwenzangu alipoinua gunia la kwanza, mzee akanishika mguu. Nilikuwa na gongo, nikampiga. Akaniachia. Nikampiga tena. Ami, lile la pili ndilo linaloniamsha usiku, maana alikuwa keshaniachia. Mkono wake wa kulia ulivunjika kiwikoni na haukuunga sawasawa. Mpaka leo hauinuki kupita bega, upembo haushiki, na mikarafuu yake anachumiwa na watu.

Tulikamatwa wawili. Wa tatu alivuka bahari na hakuna aliyemtaja. Mahkamani nilikana mpaka siku ya hukumu. Nikafungwa, nikatumikia Chuo cha Mafunzo, yaani jela, hapa Pemba, kisha nikapelekwa Unguja, na huko ndiko nilikojifunza useremala.

Nilipotoka, nani anampa kazi mtu aliyevunja mtu mkono? Nikakaa bure muda mrefu, mpaka kikundi kimoja cha kusaidia vijana kikanichukua. Kazi yao wanaiita haki rejeshi, yaani kesi isiishie kwenye kifungo tu, bali aliyekosa akae na aliyekosewa, ukweli usemwe, na kilichoharibika kitengenezwe kadiri kinavyotengenezeka. Twapatanisha majirani waliogombania mipaka, twakaa na vijana walioiba simu au kuku, na twakwenda maskuli kuzungumza. Huko maskulini mie ndiye ninayesimama. Naeleza usiku ule wote, gongo, mkono wa mzee, kisha maisha ya ndani. Watoto wanalia. Mwisho wanapiga makofi. Ami, kwa mara ya kwanza maishani kuna watu wananingoja nifike mahali. Nimeona kumbe na mie nina la kufanya duniani.

Sasa juzi, katika skuli moja, nikiwa katikati ya maelezo, msichana wa safu ya nyuma akainuka akatoka nje. Kumbe ni mjukuu wa yule mzee. Jina la babu yake sikulitaja, lakini nani asiyejua? Siku ya pili baba yake, mtoto wa mzee, akamtuma mtu kwangu na maneno haya: "Mwambieni ule mkono ni wa baba, si wake. Asiende nao maskulini kutafutia makofi."

Tangu hapo nimeacha kwenda. Mama ananiambia nisijitie unyonge, nimeshatumikia kifungo changu, sidaiwi na mtu. Mratibu wa kikundi anasema hii ni fursa: ataandaa mkutano, mzee aje, sheha aje, tupeane mikono mbele ya watu na ichukuliwe video, na wageni wa kikundi wanakuja mwezi ujao wataona. Mwenyewe moyo wangu unanituma nisimame Ijumaa baada ya sala, msikiti anaosali mzee, nimuombe radhi mbele ya safu zote.

Na kuna jingine. Wazee wa familia mbili wameniomba nikawasaidie kusuluhisha jambo la binti wa miaka 15 aliyeharibiwa na jirani. Wanataka liishe kimyakimya, ikiwezekana waozeshwe. Nilifurahi kuitwa, mtu kama mie, lakini kwa hali niliyonayo naona haya kwenda.

Niache kazi hii, Ami? Au nimwendee mzee? Na nikimwendea nitasema nini?

Asiyelala, Wete

*

Waalaykumu ssalaam. Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na la mwisho. Lako limengoja miaka 11 na linaweza kungoja aya chache zaidi. La yule binti haliwezi.

Usiende kulisuluhisha. Na usikae nyumbani kwa kuona haya pia. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, ndivyo isemavyo Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, na alichofanyiwa ni udhalilishaji. Hapo hapana mpaka wa shamba wa kugawana. Wanaoitana barazani ni watu wazima wa pande mbili, kila mmoja na aibu yake ya kuificha, na mtoto mwenyewe hakuwekewa hata kigoda. Kesi hizi ndivyo zinavyokufa visiwani kwetu: mama anabembelezwa, shahidi anasafiri, mahari inatajwa, binti anapelekwa kwa jamaa kisiwa cha pili, na aliyeharibu anaendelea kupita njia ileile wanayopita watoto wakienda chuoni. Mahkama maalumu za makosa haya zilianzishwa mwaka 2021, lakini hakimu hawezi kumhukumu mtu kwa shahidi ambaye hakufika.

Hebu jiulize pia kwa nini wamekuita wewe. Umeona ni heshima. Mie naona wametafuta msuluhishi asiyeweza kumkaripia mkosaji, maana akifungua mdomo ataambiwa "na wewe je?" Mtu huyo anawafaa sana. Kwa hiyo mtafute mama wa binti, au yeyote katika nyumba ile mwenye uchungu naye, umwambie ampeleke hospitali kwenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanamsikiliza mahali pamoja. Wakikataa, nenda mwenyewe Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, simu ya bure ya kumsaidia mtoto. Utaambiwa umevunja ujirani. Uache uvunjike.

Haya, tuje kwako.

Umeniandikia mashauri matatu, la mama, la mratibu na la moyo wako, na yote matatu yana kasoro moja: hakuna hata moja lililomuuliza mzee anataka nini. Mama anataka mwanawe apumzike. Mratibu anataka mkutano. Wewe unataka usingizi. Mzee anataka nini, hakuna ajuaye.

Mama yako ana nusu ya haki. Serikali haikudai, na asitokee mtu akakufunga mara ya pili kwa ulimi wake. Lakini ile kesi ilikuwa baina yako na Serikali. Mzee aliitwa kama shahidi tu: akapanda kizimbani na mkono umefungwa, akaulizwa maswali, akaambiwa ashuke. Akakaa akakusikia ukisema hukuwepo. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kutoka kinywani mwako juu ya usiku ule, kwamba yeye ni muongo. Halafu miaka imepita, umetoka, ukaenda kuwaambia ukweli wote watoto wa skuli. Wamelijua gongo, wamejua nani alinyanyua gunia, wamejua ulivyojisikia. Mwenye mkono hajaambiwa. Habari zake zimemfikia kwa mjukuu aliyerudi nyumbani analia.

Hapo ndipo palipoharibika, na kuiacha kazi hakutapatengeneza.

Mashekhe wetu wanatufundisha toba kwa masharti: uache, ujute, uazimie kutorudia. Likiwa kosa limemgusa mja, linaongezeka sharti la nne, umrudishie haki yake au akusamehe. Hilo la nne halilipwi kwa kusali wala kwa kifungo, na bila shaka halilipwi kwa kuwafundisha vijana wa kijiji cha pili. Na ukiisoma ile aya ya 40 ya Surat Ash-Shura, inayotaja ujira wa mwenye kusamehe na kusuluhisha, utaona hiari ya kusamehe imewekwa mkononi mwa aliyedhulumiwa. Aliyedhulumu hakupewa ruhusa ya kuudai msamaha, seuze kuupangia siku na ukumbi.

Ndiyo maana mkutano wa mratibu uukatae, na uukatae mapema kabla hajakodi viti. Sisemi ni mtu mbaya. Ana wageni mwezi ujao na anahitaji cha kuwaonesha, wengi wa vikundi vyetu wanaishi hivyo. Ila mzee hawezi kuwa cha kuoneshwa. Fikiria amekaa mbele ya sheha, imamu, kamera na wageni kutoka mbali, wewe umepiga magoti. Atasema nini? Atakupa mkono wa kushoto, maana wa kulia hauinuki vizuri, watu watapiga makofi, na atarudi nyumbani kimya na donge lake lilelile, safari hii hana hata ruhusa ya kukuchukia. La Ijumaa ni hilohilo, na pengine zaidi, kwa sababu msikitini hata uso kukunja ataona vibaya. Ukitaka kujua kama msamaha ni wa kweli, tazama kama aliyeombwa alikuwa na nafasi ya kusema hapana akabaki na heshima yake.

Kazi mnayoifanya ina asili yake, na sijui kama mratibu wako amekusimulieni. Kwa sura yake ya siku hizi, wengi huianzia kwenye mji mdogo wa Elmira, jimbo la Ontario nchini Kanada, mwaka 1974. Vijana wawili walilewa wakazunguka usiku mmoja wakiharibu mali za watu 22, matairi wakayatoboa, vioo wakavivunja. Afisa aliyekuwa akisimamia wahalifu wa nje ya jela, Mark Yantzi, akamshauri jaji awapeleke vijana hao kwa kila waliyemharibia. Jaji akakubali. Wakaenda mlango mmoja baada ya mwingine, wakasema ni sisi, wakauliza hasara ni kiasi gani, na baada ya miezi michache wakarudi na pesa. Mmoja wao, Russ Kelly, miaka mingi baadaye aliingia masomoni ukubwani na darasani akasikia kesi yake mwenyewe inafundishwa. Akaja kujitolea katika kituo cha usuluhishi kilichotokana na kesi hiyo, akawa naye anasimama mbele za watu kueleza, kama wewe.

Tazama mpango wake. Kwake ilikuwa milango kwanza, kusimama mbele za watu baadaye sana. Wewe umeanzia kwenye makofi. Lakini usiige kila kitu cha Elmira. Wenye nyumba wale waligongewa tu. Waliokuja kuifanya kazi hii baadaye walijifunza kuwa aliyeumizwa huendewa kwanza peke yake, faragha, na kuulizwa kama hata anataka kuuona uso wa aliyemuumiza. Tena tairi hununuliwa jingine.

Sasa, nani akuendee? Huku kwetu hakuna aendaye kuposa mwenyewe, na hili nalo lina mshenga wake. Sifikirii mtu wa kikundi chako, ana fulana yenye maandishi. Sheha naye simtaki mwanzoni. Mbele ya mtu wa Serikali mzee atajiona ameitwa shaurini tena. Na unaye mtu tayari ila hukumuona: yule aliyepewa maneno akuletee. Mtoto wa mzee hakukutukana, mwanangu. Mtu mwingine angeweza kukungojea njiani na vijana wanne. Yeye amekutumia mtu, amesema neno moja la haki, akanyamaza. Huo mlango haukufungwa, na unaanza kujibu hapo, kwa mtu yuleyule.

Jibu liwe fupi. Nimesikia, ana haki, nimeacha, na habari ya mkono wa mzee haitatoka kinywani mwangu mahali popote bila ya idhini yenu. Basi. Usitie ombi mkiani. Usiseme "na naomba nafasi nije", wala "nimebadilika". Ukitia ombi, yote yaliyotangulia yanakuwa chambo. Kisha litimize kwa muda wa kutosha watu waone. Wanakuangalia, na wewe unajua kwa kuwa umeniambia mwenyewe mnajuana kwa mwendo.

Baadaye, na si wiki ijayo, atafutwe mtu mzima anayekaa na mzee barazani, anayeaminika naye, ampelekee neno la pili: kwamba yule kijana mahkamani alikana na sasa anakiri kuwa ulisema kweli, haombi kitu, ukiwa na swali lolote au neno la kumwambia, popote utakapo, na yeyote utakayetaka awepo, atakuja, ukiwa hutaki hata jina lake, limeisha. Huenda likatosha hilo la kukiri peke yake. Kuna watu wamekaa miaka wanataka tu kusikia kuwa hawakuwa waongo.

Akikubali kukuona, jiandae kwa maswali yake zaidi kuliko kwa maneno yako. Mwache aanze yeye na amalize. Usimueleze umaskini, wala makundi mabaya, wala utoto bila baba, hayo ni ya mashekhe na madaktari. Usilie kumzidi. Atakuuliza mambo ambayo hakimu hakuyauliza, na mengine yatakuwa madogo kiasi cha kukushangaza. Mlijua kuwa ni kwangu? Nani aliwaambia magunia yako ukumbini? Mbwa hakubweka kwa nini? Ulinijua uso? Na atakuuliza la pigo la pili. Yeye analijua kuliko wewe, ndiye aliyekuwa chini. Atasema: nilikuwa nishakuachia. Jibu uliloniandikia mie ni sahihi, umempiga na alikuwa keshakuachia. Mpe hilohilo, na usitie "kwa sababu" mbele yake.

Kisha kuna mwenzenu aliyevuka bahari. Umempitisha kwa sentensi moja tu, lakini mzee hatampitisha. Atakuuliza yu wapi na nani. Ukiingia kwenye chumba kile hujaamua utajibu nini, utadanganya, na uongo mmoja hapo utakuwa umemfanya mzee asikie mahkama ileile mara ya pili. Mie nasema mtaje. Miaka yote hii umembebea, na mzee ndiye aliyelipia. Lakini kabla hujafungua mdomo kakae na msaidizi wa sheria akueleze maneno yako yanaweza kukufikisha wapi, wewe na yeye. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018 imewatambua watu hawa, na sheha wako anawajua walio karibu. Ukishauriwa ukaamua bado huwezi kumtaja, basi mwambie mzee wazi: jina ninalo, sijawa tayari kulitoa. Atakasirika. Ni afadhali akasirikie la kweli.

Pesa usiende nazo siku hiyo. Bahasha ikitua mkekani kabla ya maneno kwisha, mzee ataona umekuja kununua. Kama kuna la kutengeneza alitaje yeye, au mtoto wake. Huenda akataka karafuu zichumwe msimu huu na msimu ujao bila ya kulipia pishi. Huenda akataka mtu wa jioni. Kuchuma kuna vibarua, lakini mvua ikitanda ghafla na majamvi yako nje, mwenye mkono mmoja anakunja jamvi la kwanza na mengine matatu yanarowa mbele ya macho yake. Wewe hilo hukuwahi kulifikiria ukiwa skulini. Huenda pia akataka mlango utengenezwe, wewe ni seremala. Au akataka usipite tu njia ya shambani kwake. Chochote mtakachokubaliana kiandikwe, na hapa ndipo sheha awepo, kitajwe kinaanza lini na kinaisha lini. Wewe una mke na mtoto, na wao si wadaiwa.

Akikataa je? Amekataa. Usimtumie mtu kila Idi. Usimsalimie kwa mkazo njiani ili watu waone. Lile neno la kwanza, la kuacha kuisimulia habari yake, linabaki palepale, kwa sababu halikuwa malipo ya kitu. Mengine mwachie Mola wako, na sharti lile la nne utakuwa umelifikia mpaka mlangoni.

Umeniuliza uache kazi au uendelee. Endelea, ila usisimame tena maskulini kwa sasa. Mpatanishe wa mbuzi na wa mihogo, huko huna doa na unajua kukaa na watu. Kaa na vijana walioiba simu, na ukizungumza nao zungumza ya kwako: kukana mahkamani kulikugharimu nini, mama yako alikuja kukutazama mara ngapi na akavaa nini, ulitoka ukakuta nini. Vijana hawahitaji kuoneshwa mkono wa mtu ili wakuelewe. Ukishindwa kuwashika bila ya kuutaja, basi huenda walikuwa wanashikwa na msisimko tu, na msisimko wa skuli unakwisha kengele ikilia.

Na kuna kazi ambayo sijasikia wengi wakiifanya, isiyo na makofi hata kidogo. Wewe unaijua siku ya kutoka. Mtu anafunguliwa Unguja, kwao ni Micheweni, nauli ya boti hana, na nguo alizoingia nazo zimembana au zimempwaya. Akifika kwao kitambulisho cha Mzanzibari hana au kimepotea, na bila ya fomu ya sheha hakipati, na sheha anamwambia njoo kesho kwa sababu anamuogopa. Msikitini watu wanaacha nafasi kila upande wake. Juma la kwanza hilo ndilo analokutana na rafiki zake wa zamani, maana ndio pekee waliokuja kumsalimia. Angekuwapo mtu bandarini anamngoja, aliyepita hapohapo, akamlipia daladala, akenda naye kwa sheha, akasimama ubavuni mwake sala ya kwanza, akamuonesha fundi anayetaka msaidizi, ingekuwa kazi kubwa kuliko hotuba zako zote. Na wewe una useremala. Chukua mmoja umfundishe kupiga randa. Kikundi chako kikiwa na posho ya fulana kina posho ya nauli pia; mwambie mratibu hilo ndilo alipeleke kwa wageni wake.

Mama yako mpe salamu zangu na umsomee barua hii yote, pamoja na pale niliposema ana nusu ya haki. Nusu ya pili atabisha. Mwache abishe, amekungojea miaka mingi. Mkeo naye umwambie kila hatua kabla hujaipiga, kwa sababu maneno ya watu yatamfikia yeye kisimani kabla hayajakufikia wewe.

Msimu utaanza na pengine mzee atakuwa bado hajajibu. Katika miezi hiyo ukiitwa kuchuma, kachume mashamba ya upande mwingine.

Ami